Ishara Asiyoipenda Mwaguzi

Mganga hajigangi, walinena wahenga. Methali hii husemwa kila siku, aghalabu kwa kumcheka mjuzi aliyeshindwa na lake mwenyewe, lakini ni wachache wanaotua na kujiuliza mganga huyo ana nini moyoni wakati anapowaganga wengine. Katika hadithi na tamthilia zetu amechorwa mara nyingi kama laghai mwenye hirizi na usinga, au kama mzee wa ajabu ambaye hakuna lililofichika kwake. Kwa vyovyote vile, ni nadra kumkuta akiwa mtu anayeiona kazi yake chungu. Ni nadra zaidi kusoma habari za mwaguzi anayeichukia ishara fulani iliyomo katika vifaa vyake mwenyewe, anayetia mkono kibuyuni huku akiomba isitokee.

Mwaguzi wa namna hiyo yupo mashariki ya Kitui, upande wa vilima vya Mutitu. Ni mwanamke aliyekwisha kupita umri wa miaka 80. Wakubwa kwa wadogo humwita Susu, yaani bibi, na jina hilo linatosha hapa. Kwa Kikamba yeye ni "mundu mue". Huulizwa mambo na walio hai, naye huwauliza "aimu", roho za waliotangulia. Mwanafunzi wa isimu linganishi atatambua mara moja kwamba aimu hao ni ndugu wa mizimu ya Kiswahili, kama vile "muoi" wa Kikamba alivyo ndugu wa mlogi, baada ya konsonanti kudondoka njiani. Muoi na mundu mue ni watu wawili walio mbalimbali kama usiku na mchana. Hata hivyo, wageni wengi walioandika juu ya Waafrika waliwatia katika kapu moja na kuwapa jina moja la dharau. Profesa John Mbiti, aliyezaliwa Mulago huko Kitui mwaka 1931, alilipinga jambo hilo kwa nguvu katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Kwake mganga ni miongoni mwa watu wenye manufaa makubwa mno kwa jamii yao. Ni vyema kuliweka hilo wazi mapema, maana jijini Nairobi jina la Kitui halitajwi barazani bila mtu kuchomeka mzaha wa kamuti, na kicheko hicho hufunika mengi.

Wakamba husimulia kwamba mundu mue wa kweli huzaliwa akiwa amefumbata mbuu, zile punje za kuagulia, katika kiganja chake. Susu hakuzaliwa hivyo, naye hulisema jambo hilo bila haya. Yeye aliitwa kwa maradhi. Aliugua baada ya kuvunja ungo, akawa anaota kila usiku bibi mmoja wa ukoo aliyekufa zamani akimwonyesha kibuyu, hata shangazi yake, aliyekuwa mwaguzi, akasema mtoto huyu hana ugonjwa, ana kazi. Akaanza kumfunza.

Waaguzi wengine wa Ukambani hutumia uta (neno ambalo Kiswahili nacho kinalo kwa maana ile ile), wakiupiga kamba yake kwa kijiti na kuimba hadi aimu waitike. Susu hutumia kibuyu kidogo kiitwacho "kititi". Ndani yake mna mbegu ngumu za miti ya porini, vijiwe vilivyolainishwa na maji ya mto, na kauri moja. Kauri hiyo si ya Kitui, bila shaka. Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa wafanyabiashara wa misafara kati ya bara na Mombasa. Kivoi, aliyempokea mmisionari Krapf na kumwezesha kuuona Mlima Kenya kutoka Kitui mnamo Desemba 1849, ndiye anayekumbukwa kuliko wote. Pembe za ndovu ziliteremka pwani. Nguo, shanga na kauri zikapanda bara. Kauri ya Susu ilipanda kwa njia hiyo, ikapita mikononi mwa wanawake kadhaa wa ukoo kabla ya kumfikia.

Anapoulizwa jambo hutikisa kititi, humimina punje juu ya ngozi, huzitenga kwa mafungu, na kile kinachobaki ndicho kinachosema. Mteja huketi mkabala naye na huona kila kitu. Hili lina uzito wake, kwa sababu mwaguzi hawezi kuficha alichokiona kwa kulifunika fungu moja. Wateja wengi wanajua kuhesabu.

Ishara asizozipenda ni tatu, lakini hazichukii kwa kiasi kimoja.

Ya kwanza ni saba. C. W. Hobley, aliyeandika mwaka 1922 juu ya imani za Wakikuyu na Wakamba, alitaja kuwa namba hii iliogopwa na jamii zote mbili. Nyayo za hofu hiyo zipo hata leo. Jiwe kubwa la Nzambani, karibu na mji wa Kitui, lina hekaya mashuhuri: anayelizunguka mara saba hugeuka jinsia, mwanamume akawa mwanamke na mwanamke akawa mwanamume. Watalii hulizunguka mara sita wakicheka, kisha wakasimama. Susu naye, punje zinapobaki saba, hasemi "muonza", neno la Kikamba la namba hiyo. Husema "sita na moja". Mwalimu wa fasihi ataiita tafsida, na atakuwa amesema kweli. Chuki yake kwa saba ni ya kurithi, kama mtu asiyekula nyama fulani kwa kuwa baba yake hakuila. Yeye mwenyewe huicheka.

Ya pili ni punje nyeusi inapobaki peke yake. Maana yake kwa Susu ni mauti. Mtu angedhani hii ndiyo ingekuwa mbaya kupita zote, na kwingineko duniani ndivyo ilivyo. Tazama karata za taroti zinazotumiwa na waaguzi wa Ulaya na Marekani. Zilianza Italia ya kaskazini katika karne ya 15 zikiwa za mchezo tu, na ni katika karne ya 18, huko Ufaransa, ndipo zilipopata umaarufu wa kuagulia. Seti moja ina karata 78. Ile iliyochapishwa London mwaka 1909, kwa michoro ya Pamela Colman Smith na uongozi wa Arthur Edward Waite, ndiyo iliyowazoesha watu sura za karata zinazochukiwa: ya 13, ambapo Kifo ni kiunzi cha mifupa juu ya farasi mweupe, ya 16, mnara uliopigwa na radi na watu wanaporomoka, na ile ya panga tatu zilizouchoma moyo mmoja. Wengi wa waaguzi hao wamejifunza kusema kwamba karata ya 13 haimaanishi kifo hasa, bali mabadiliko, mwisho wa jambo moja na mwanzo wa jingine. Hiyo nayo ni tafsida, tena yenye huruma, ingawa mtu aweza kujiuliza inamhurumia nani zaidi, anayeambiwa au anayesema.

Susu hana haja ya tafsida hiyo. Kwake kifo si kigeni. Yeyote aliyeishi Ukambani tangu miaka ya 1940 ameona njaa zikipewa majina kama watoto. Iliyopiga mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliitwa "Nikw'a ngwete", ninakufa nimeshika, kwa sababu watu walikuwa na fedha mkononi na chakula hakikuwapo cha kununua. Aliyeyapitia hayo hawezi kushtushwa na mbegu nyeusi. Punje hiyo inapobaki, Susu humwambia mteja aende nyumbani, amwoshe mgonjwa, awaite watoto wa mbali. Mara nyingine mgonjwa hupona, na Susu hufurahi kwa kukosea. Ishara ya mauti humwachia mtu kazi ya kufanya.

Ya tatu ni kauri. Inapolala kifudifudi haisemi neno. Inapolala chali, mdomo wake ukiwa umeelekea mlangoni, jambo lililoulizwa limetoka mbali. Mdomo ukielekea kwa mteja mwenyewe, maana yake ni mtu wa nyumbani, mtu anayekula naye chungu kimoja. Ishara hii ndiyo Susu anayoichukia, na neno kuchukia limetumika hapa kwa maana yake kamili. Viganja humtoka jasho anapoiona.

Hapa ndipo mwaguzi wa Mutitu anapoachana na wale wa taroti. Mteja wa karata aghalabu huuliza habari zake mwenyewe: nitakuwaje, nitaolewa, nitapata kazi? Mteja wa Susu, hasa anapokuwa amefiwa au ng'ombe wake wanakufa mmoja baada ya mwingine, huuliza: ni nani? Karata mbaya kuliko zote humwangukia yule aliyekuja kuuliza. Kauri humwangukia mtu ambaye hayupo, ambaye pengine wakati huo yuko shambani akipalilia mbaazi, asiye na habari kuwa anatajwa.

Alikuwa msichana wa miaka 15 hivi, mwishoni mwa miaka ya 1950, alipojua uzito wa tofauti hiyo. Shangazi yake alikuwa ameanza kumwachia kutikisa na kumimina, yeye akisoma. Alikuja mwanamume mmoja mwenye wake wawili. Mke mkubwa alikuwa amefiwa na watoto watatu katika msimu mmoja. Mke mdogo alikuwa na mtoto mmoja, naye alikuwa mzima. Kauri ikalala chali, mdomo ukimtazama mwanamume yule. Shangazi akasema maneno mawili tu: wa nyumbani. Hakumtaja mtu. Hakukuwa na haja ya kumtaja, maana nyumba ile ilikuwa na wanawake wawili, na mmoja hakuwa amefiwa.

Mke mdogo aliondoka usiku huo na mtoto wake mgongoni. Ilikuwa bahati kwamba aliondoka. Wakati huo surua ilikuwa ikipita vijijini, na watoto wa nyumba nyingine nyingi walikuwa wamezikwa, lakini mwenye msiba hahesabu makaburi ya jirani. Mwanamke yule alivuka mto Athi, unaotenganisha Kitui na nchi ambayo siku hizi ni Kaunti ya Makueni, akafika Kibwezi na kupata kibarua katika mashamba ya mkonge. Hakurudi.

Ni lazima kueleza kwa nini kuondoka kulikuwa bahati. Wakamba wa kale walikuwa na hukumu iitwayo "king'ole", ambayo kwayo wazee waliweza kuamuru mtu aliyethibitika kuwa muoi auawe na jamii, baada ya ndugu zake kuridhia. Serikali ya kikoloni iliikuta, ikaiita mauaji. Katika kesi maarufu ya mwaka 1932 iliyomhusu Kumwaka wa Mulumbi na wenzake 69, Wakamba 70 walisimama kizimbani kwa kumuua mwanamke waliyedai alimloga mke wa Kumwaka. Sitini kati yao walihukumiwa kifo, ingawa hukumu hiyo baadaye ilipunguzwa. Kabla ya hapo, Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 ilikuwa imefanya kumshutumu mtu uchawi kuwa kosa, isipokuwa kama shutuma imepelekwa kwa mwenye mamlaka. Sheria hiyo imelalamikiwa sana, na si bila sababu, kwa kuwa iliandikwa na watu waliotaka kuukana uchawi na kuuadhibu kwa wakati mmoja. Lakini kifungu hicho kimoja Susu angekitia sahihi, lau angejua kusoma.

Tena jambo hili si la Ukambani peke yake wala si la zamani tu. Mei 2008 watu 11 walichomwa moto huko Kisii kwa tuhuma za uchawi. Kilifi, wazee wameuawa na mvi zao zikafanywa ushahidi. Tanzania, ambako mauaji ya watu wenye ualbino yalihusishwa na waganga, serikali ilipiga marufuku shughuli za wapiga ramli mnamo Januari 2015, na katika mjadala huo Kiswahili kilionyesha ukali wake kwa kauli ya maneno mawili: ramli chonganishi. Ni vigumu kupata istilahi bora zaidi. Ramli yenyewe ni elimu kongwe ya pwani, yenye maumbo yake 16 ya nukta, mengine ya heri na mengine ya nuhusi, na mtu aweza kuyasoma maisha yake yote asimdhuru yeyote. Kivumishi kile ndicho kinachoua.

Susu hakuwahi kulisikia neno hilo, lakini alilijua jambo lenyewe tangu siku ile, kwa kuwa mkono uliomimina ulikuwa wake. Shangazi alipofariki na kititi kikawa chake, jambo la kwanza alilotaka kulifanya ni kuitoa kauri. Hakuitoa. Katika miaka ya 1970 alikwenda Kibwezi kwa mazishi ya jamaa, akaulizia, akaonyeshwa nyumba ya yule mwanamke. Alipokewa vizuri. Akapewa maji katika kikombe cha bati. Walizungumza habari za mvua na za watoto, na ya zamani hayakuguswa mpaka Susu aliposimama kuaga. Ndipo mwenyeji akauliza:

"Ile kauri bado ipo?"

"Ipo."

"Si uitupe."

"Si yangu, dada."

Hayo ndiyo maelezo anayoyatoa hadi leo: kauri ni ya waliomtangulia, na mwaguzi anayechagua ishara za kubaki kibuyuni amekwisha kudanganya kabla hajaulizwa. Hoja hii haiwaridhishi wote wanaoisikia. Mjukuu wake mmoja, mwalimu, humwambia waziwazi kwamba asiyeweza kuitupa anaiamini, na anayeiamini hana haki ya kuinyamazia. Susu humsikiliza mpaka mwisho, kisha humuuliza kama amekula. Pengine mjukuu ana haki. Lakini hakuna aliyewahi kuithibitisha imani kwa kuiweka mbali na woga, na mwanamke huyu anaiamini kauri yake na kuiogopa kwa kipimo kimoja.

Alichokifanya badala ya kuitupa ni kujitungia desturi. Kauri inapomwelekea mteja, Susu husema: mbuu zimechoka. Huzirudisha punje kibuyuni, hurudisha malipo, na siku hiyo hamwagulii mtu mwingine. Mteja anayejua kuhesabu hujua pia kuona. Wengi huondoka wamenuna. Wamo miongoni mwao waumini wa Jumapili ambao hufika Jumatatu jioni, giza likiisha kuingia, na hao ndio wenye hasira zaidi, kwa kuwa wamekuja kwa gharama ya kuonekana.

Desturi hiyo ina kasoro moja kubwa, naye anaijua. Anayenyimwa jibu hapa hulitafuta kule. Katika mwaka mmoja wa kiangazi kikali, mwanamume aliyepoteza mbuzi wengi alikuja, kauri ikamwelekea, akaambiwa mbuu zimechoka. Hakubishana. Wiki ile ile alivuka Athi, akaenda kwenye soko moja la Makueni kwa mtu mwenye bei na ujasiri, akarudi na jina. Lilikuwa la mjane wa baba yake mdogo, mwanamke aliyekuwa akiishi peke yake ukingoni mwa kijiji.

Hakupigwa. Hakuchomewa nyumba. Lilifanyika lile dogo ambalo chifu hawezi kuliandika kitabuni. Mito ya Kitui ikikauka, watu hufukua visima katika mchanga wake na kuteka maji kwa kata, polepole, foleni ya madumu ikisubiri. Mjane alipofika foleni ilivunjika. Waliokuwa mbele yake waliondoka na madumu matupu, na aliyekuwa na kata akaichukua akaenda nayo. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu akaanza kwenda usiku.

Susu alipopata habari hakupeleka ujumbe kwa mtu wala hakutikisa kititi. Miguu yake ilikuwa imekwisha kuwa mibovu kwa mwendo wa mchangani, na maji yake alikuwa akiletewa na watoto wa jirani. Asubuhi iliyofuata alichukua dumu la lita tano na kata yake mwenyewe, akapita kwa mjane, wakateremka pamoja mtoni jua likiwa limepanda, wakati foleni ni ndefu. Alipiga magoti kisimani, akateka, akanywa, kisha akampa mjane kata ile ile naye akanywa. Wakajaza madumu yao taratibu, jinsi wazee wanavyofanya kila jambo. Nyuma yao hakuna aliyesema kitu. Kesho yake walikwenda tena, na kesho kutwa, mpaka mtoto mmoja, ambaye pengine alichoka kusubiri, akaomba aazimwe ile kata.